Mbwa Mzee Anapopelekwa Kupasuliwa: Kazi Iliyoko Nyumbani

Mazungumzo ya afisa wa mifugo wa kaunti na wakazi wa Kisiwani

  

Najua wako mlioliona tangazo mkacheka. Kuna mitaro imeziba, kuna shida ya maji, na huyu anatuita kutuzungumzia mbwa mzee. Basi nianze hapo hapo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia maslahi yao. Imetaja waziwazi leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za mifugo pia ziko kwa kaunti. Kwa hivyo hii ni kazi yetu, si mchezo wa matajiri wa Kizingo.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Mbwa mzee akiugua na wenyewe wakachoka, mara nyingi huishia njiani. Anafunguliwa lango usiku, au anapakiwa kwenye gari na kuachwa mbali na nyumbani. Asubuhi yupo sokoni chini ya meza ya samaki, ana maumivu, chanjo yake imepitwa na wakati, na watoto wanakwenda chuoni wakimkanyaga mkia. Huyo si mbwa wa mtu mmoja tena. Ni wetu sote.

Kisiwani mbwa ni wengi kuliko tunavyokiri. Wako majumbani Ganjoni, Kizingo na Tudor, wako kwenye maghala ya Shimanzi, wako kwenye magereji. Mji wa Kale ni mji wa paka, mbwa ni wachache, lakini huko nako mambo ninayoyasema yatawafaa, na paka nitawarudia.

Nianze na neno “uzee”. Neno hili limeua mbwa wengi. Mbwa halali vizuri, wanasema ni uzee. Anakunywa maji mno, ni uzee. Amekonda, ni uzee. Mbwa mkubwa wa ulinzi huanza kuhesabiwa mzee akifika miaka 7 au 8, na hawa wadogo wadogo miaka 10 hivi. Lakini umri wenyewe hauna usaha, hauna uvimbe. Ukiona mabadiliko, kuna kitu kimeyaleta, na vingi katika vitu hivyo hutibika.

Niwape mfano wa jike mmoja wa miaka 12, wa nyumba moja ya hapa Kisiwani. Aliyegundua kwamba ni mgonjwa hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa askari wa usiku. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza ndoo ya maji, na aliona ndoo inamalizika kabla ya alfajiri. Kisha tumbo likaanza kujaa na mbwa akakataa chakula. Mwenyewe alidhani amenenepa. Alikuwa na usaha kwenye mfuko wa uzazi. Ugonjwa huu huwapata majike ambao hawakufungwa kizazi, na aghalabu huja wiki kadhaa baada ya joto lao kupita. Wengine hutoa uchafu nyuma, wengine mlango wa kizazi hufunga na hutoki kitu, na hawa ndio wa hatari zaidi maana sumu yote hubaki ndani. Dawa yake kubwa ni kisu, na haingoji mwisho wa mwezi. Yule alipasuliwa siku ile ile na akapona. Alipona kwa sababu askari alisema alichokiona na akasikilizwa. Kwa hivyo wenye nyumba, ulizeni askari wenu. Ulizeni dada wa kazi. Hao ndio wanaomwona mbwa saa ambazo nyinyi hamko.

Sasa, si kila kijungu mwilini kinahitaji kupasuliwa. Kuna uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wanapopandana, huota sehemu za siri, hutoa damu, na huonekana wa kutisha. Huo kwa kawaida hutibiwa kwa sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa, bila kumlaza mezani. Uvimbe wa matiti kwa jike mzee ni habari nyingine. Huo usiuangalie ukikua. Ukiwa mdogo kama mbegu ya ubuyu ni kazi ndogo, ukiwa kama embe ni kazi kubwa, na huenda umeshashuka kwenye mapafu. Daktari akitaka picha ya kifua kabla ya kukata, si kwamba anatafuta pesa. Anataka kujua kama kukata kutamsaidia mbwa au kutamtesa bure.

Kabla ya upasuaji, hapa pwani, jambo la kwanza ninalolitaka mimi ni kipimo cha damu. Wenzetu wa bara wenye baridi huenda wakabahatisha. Sisi tuna kupe mwaka mzima. Kupe wa mbwa huleta magonjwa mawili yanayotuhusu: moja hupunguza chembe zinazogandisha damu, jingine huvunja damu yenyewe. Mbwa anaweza kuwa nayo huku anatikisa mkia. Ukimkata, damu haikomi. Pamoja na hilo daktari ataangalia figo na ini, kwa sababu dawa ya usingizi lazima itoke mwilini, na njia yake ya kutokea ni hizo figo na ini zilizozeeka. Atasikiliza moyo. Ataangalia ufizi, kama ni wa waridi au umepauka.

Mwambieni daktari kila kitu mlichompa. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe mliyomwogesha nayo juzi, dawa ya mitishamba, tembe mlizogawana naye. Hapo kwenye tembe nisimame kidogo. Mbwa wa miaka 11 anachechemea, mwenyewe anamwonea huruma, anampa ile tembe anayokunywa yeye akiumwa na mgongo. Dawa za maumivu za binadamu, hizi za ibuprofeni na diklofenaki, humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Kwa mbwa mzee kipimo kidogo tu chatosha. Halafu mwenyewe anakuja kwa daktari bila kusema, kwa haya. Semeni. Daktari atapanga upasuaji kwa namna nyingine, au atauahirisha.

Muulizeni na nyinyi maswali. Una leseni ya mwaka huu? Sheria ya madaktari wa mifugo ya 2011 ndiyo iliyounda bodi inayowasajili, yaani Kenya Veterinary Board, na kuomba kuona leseni si ukosefu wa adabu. Nani atakayekuwa akiangalia pumzi na moyo wakati wewe unakata? Atapewa dawa gani ya maumivu akizinduka? Mkikuta ugonjwa umesambaa ndani, mtanipigia simu kwanza? Na gharama zote ni ngapi, pamoja na dawa za kwenda nazo nyumbani na kurudi kutoa nyuzi? Ziandikwe. Watu wengi hukopa kwa chama wakalipa upasuaji, kisha dawa za baadaye zikawashinda, na kazi yote ikaharibika kwa ajili ya hizo za mwisho. Na yule anayekuja kukata mbwa chini ya mwembe kwa bei nafuu, bila kumlaza sawasawa, mwambieni hapana.

Kama si dharura, chagueni wakati. Februari na Machi, kaskazi inapokatika na hewa imesimama, mbwa mzee hupumua kwa tabu hata akiwa mzima, maana yeye hatoi jasho kama sisi, joto lake hutokea mdomoni. Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, ndio wakati mzuri wa kazi zinazoweza kungoja.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, chakula husimamishwa, kwa kawaida saa 6 hadi 8 kabla ya upasuaji, ili asitapike akiwa amelala matapishi yakaingia mapafuni. Chakula nimesema, si maji. Nimewahi kuona mbwa wazee wanaletwa ndimi zimekauka kwa sababu watu wamewaondolea bakuli tangu magharibi. Figo za mzee hazistahimili hivyo kwa joto la Mombasa. Maji mwacheni nayo mpaka asubuhi, isipokuwa daktari wenu amesema vingine. Na mwambieni kila mtu wa nyumba. Kuna mtoto atakayemtupia mkate kwa mapenzi tu.

Safari nayo ipangwe. Wa Mji wa Kale gari haliingii vichochoro vyote, na mbwa wa kilo 30 hambebi mtu mmoja. Blanketi imara, watu wawili, mmoja kila ncha, mpaka Ndia Kuu au barabarani. Mkokoteni wa hamali pia wafaa, ukitandikwa. Wa Likoni wakumbuke foleni ya feri: mbwa aliyefungiwa garini madirisha yamepandishwa, saa saba mchana, anaweza kufa kabla hajamwona daktari. Nendeni alfajiri. Mpeleke na leso kuukuu ya nyumbani, isiyofuliwa. Mbwa mzee macho yake yana ukungu na masikio yamepungua, lakini pua yake iko. Akizinduka mahali pageni, ile harufu ndiyo itakayomwambia hakutupwa.

Akirudi nyumbani ndipo kazi yenu inapoanza, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mbwa wengi waliokatwa vizuri huharibikia nyumbani.

Siku ya kwanza atakuwa kama mlevi. Ataugua, ataangalia ukuta, huenda asimtambue hata anayempenda. Mlazeni chini, si juu ya kochi, mahali penye kivuli na hewa, mkeka na blanketi juu yake. Akiwa bado na usingizi mwili wake huwa baridi, hata hapa kwetu, kwa hivyo asilale kwenye saruji tupu wala mbele ya feni. Keshoye mambo yanageuka, hatari inakuwa joto, na hapo feni itamfaa. Nyumba zetu za kale zina ngazi za wima. Asipande wala asishuke ngazi peke yake mpaka nyuzi zitoke. Mzungushieni taulo chini ya tumbo, mmoja amwinue nyuma anapotembea, lakini kama kidonda kiko tumboni taulo lipite mbele ya mapaja, lisikisugue.

Jioni akitaka kula, apewe kidogo. Wali laini na kuku aliyechemshwa, bila chumvi, bila mifupa, bila kitunguu. Nasema kitunguu kwa sababu najua nyumba zetu. Mabaki ya pilau na biriani yamejaa kitunguu na saumu, na vitu hivyo huvunja damu ya mbwa. Aliyetoka kupoteza damu mezani hana ya kuvunja. Hesabuni mkojo wake. Ikipita siku nzima hajakojoa, pigeni simu. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku mbili tatu, hilo lisiwatie hofu.

Kidonda kitazamwe mara mbili kwa siku, mikono imeoshwa. Kuvimba kidogo na wekundu kidogo ni kawaida. Kutoa maji yenye harufu, kuachia, au damu inayodondoka si kawaida. Na msikipake kitu ambacho daktari hakutoa. Nimeshaona oili chafu ya gari, nimeona majivu, nimeona chumvi, nimeona maji ya betri. Oili chafu haswa watu wanaiamini, wanasema inafukuza nzi. Inafukuza, ndiyo, na mbwa anailamba na kuinywa sumu yake. Nzi wafukuzeni kwa chandarua. Chandarua kuukuu cha mbu kikitundikwa juu ya mbwa aliyelala chatosha, na kitamkinga na kunguru pia. Hawa kunguru wetu hawana huruma. Wakiona mnyama amelala na kidonda wazi hushuka kudonoa, basi asilazwe uani peke yake.

Kulamba ni adui mwingine. Ule ulimi mnaosema una dawa, ndio unaokata nyuzi. Kama hamna kola ya kumvalisha shingoni, chukueni ndoo ya plastiki inayomwenea kichwa, mkate tako lake, mlainishe kingo kwa kitambaa, mumfungie kwenye mkanda wa shingo. Atagonga milango siku ya kwanza, kisha atazoea. Fulana ya mtoto nayo humfunika kidonda cha tumbo vizuri. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na mzee huenda akahitaji zaidi, ngozi yake hupona polepole.

Pigeni simu kwa daktari, hata usiku wa manane, mkiona ufizi umekuwa mweupe, tumbo linajaa, anatapika tena na tena, anahema kwa shida, au haamki. Msingoje kukuche.

Kuna jambo la kuumwa. Mbwa mpole aliyelelewa na watoto anaweza kuuma akiwa na maumivu, na haimaanishi amekuwa mbaya. Watoto wakae mbali wiki ya kwanza. Akiuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe, afungwe na aangaliwe siku 10, na sisi tuarifiwe. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa vya binadamu ifikapo 2030, na chanjo ya kila mwaka ndiyo njia yenyewe, mbwa mzee akiwemo. Wengi huacha kuwachanja wakishazeeka, wakidhani hawana haja tena.

Niseme kidogo juu ya dini, maana nimeulizwa nje kabla hatujaanza. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Sitatoa fatwa, mashekhe wako na waulizwe. Ninachojua ni kwamba kuosha mara saba, moja kwa udongo, kunatosha kumtoa mtu kwenye tatizo hilo, na glavu za daktari zinapunguza sehemu kubwa yake. Tengeni bakuli lake, taulo lake, na sehemu yake. Na sote tumesomeshwa chuoni habari ya yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, na malipo aliyopata.

Sasa swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: tukatae upasuaji? Ndiyo, wakati mwingine inafaa kukataa. Mimi hutazama mambo matatu. Anakula kwa hamu yake? Anaweza kusimama na kwenda haja bila kujilalia? Bado anakuja mtu wake akiingia langoni? Chukueni kalenda ya ukutani, kila jioni tieni alama, siku njema au siku mbaya. Baada ya wiki mbili mtakuwa na jibu ambalo hamkulitaka pengine, lakini ni la kweli. Kama ugonjwa umeshasambaa, au figo zimekwisha, kumpasua ni kumwongezea wiki za maumivu. Daktari anaweza kumpumzisha kwa sindano, kwa utulivu, na wenyewe mpo. Hilo si kumsaliti. Kumfungulia lango ndiko kumsaliti, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haitaki mnyama ateswe bila sababu. Akishakufa msimtupe baharini wala jaani. Tuulizeni mahali pa kumzika.

Na mwenye kulea mbwa jike mchanga leo, akimfunga kizazi mapema, ule usaha niliousimulia hautampata uzeeni. Upasuaji wa mbwa wa mwaka mmoja na wa mbwa wa miaka 12 haulingani kwa hatari wala kwa gharama.

Mama mmoja wa Kibokoni ameniandikia karatasi hapa, anauliza kuhusu paka wake mzee atakayeng'olewa meno. Mama, yote niliyosema kuhusu chakula, maji, leso na joto yanamhusu. Ila mambo mawili ni tofauti. Tembe ya parasetamoli, hata moja, inaweza kumuua paka, kwa hivyo usimpe kabisa. Na paka akikaa siku nzima bila kula baada ya kurudi, usimngoje aone njaa, mrudishe kwa daktari, kwa sababu ini la paka huharibika haraka kwa kufunga. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, wakiwa na uvuguvugu, humshawishi aliyekataa kila kitu. Mpondee laini, kinywa chake kitakuwa na vidonda.